Lugha ya Hojaji na Ukweli wa Takwimu: Mfano wa Utafiti wa Masoko Mjini Kakamega

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya biashara anayejifunza uchanganuzi wa data za kiidadi kwa ajili ya utafiti wa masoko hufundishwa mambo mengi kuhusu tarakimu na machache mno kuhusu maneno. Hufundishwa namna ya kuchagua sampuli, kutafuta wastani na mkengeuko wastani, kupima uhusiano wa vigeu viwili, na kuamua kama tofauti iliyoonekana yaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Mambo hayo yote ni ya lazima. Lakini tarakimu anazozichanganua hazikuzaliwa tarakimu. Zilikuwa maneno kwanza: mtu aliulizwa kwa maneno, akajibu kwa maneno, kisha mtu mwingine akayageuza maneno hayo kuwa 1, 2, 3, 4 au 5. Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki lugha ya hatua hiyo ya kwanza, na kuonyesha kwamba kasoro za Kiswahili cha hojaji huweza kuyapotosha matokeo kwa namna ambayo hesabu yenyewe haina uwezo wa kuigundua.

Mji wa Kakamega wafaa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji wa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilianza katika miaka ya 1970 kama chuo cha harambee, kikawa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Pili, ni mji wa soko, nao watu wa soko hilo wana lugha nyingi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti nzima, na wengi wao huzungumza lahaja mbalimbali za Kiluyia kama vile Luisukha, Luidakho, Lukabras na Luwanga. Wauzaji na wanunuzi wasiotoka jamii moja hukutana katika Kiswahili. Kiingereza hukaa ofisini na darasani. Yatakayosemwa hapa hayakihusu chuo kimoja. Yanahusu mazoea yanayoweza kuonekana popote nchini Kenya ambapo elimu ya takwimu hutolewa kwa lugha moja na data hukusanywa kwa lugha nyingine.

2. Safari ya jibu moja

Yafaa ifuatwe safari ya jibu moja tu, kutoka kinywani mwa mhojiwa hadi katika jedwali. Hojaji huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa tasnifu nzima itaandikwa kwa Kiingereza. Msimamizi huisoma na kuipitisha kwa Kiingereza. Kisha mwanafunzi huichukua, ikiwa ni karatasi au imo katika simu, akaenda nayo sokoni. Hapo mambo hubadilika. Mbele ya mama anayeuza mboga, ambaye ana wateja wawili wanaomngoja, mwanafunzi hawezi kusoma sentensi ya Kiingereza kama ilivyoandikwa. Huifasiri papo hapo kwa Kiswahili, au hueleza kwa kifupi kile anachokumbuka kuwa ndiyo maana yake. Mama hujibu kwa Kiswahili, pengine akachanganya na lahaja yake. Mwanafunzi huyafasiri tena maneno hayo, akatia alama katika kisanduku cha Kiingereza. Jioni alama hiyo huwa tarakimu, na tarakimu huingizwa katika programu ya kompyuta, aghalabu ile iitwayo SPSS, ambayo ilianza kutumika mwaka 1968 kwa ajili ya sayansi za jamii.

Tasnifu za aina hii huwa na mpango unaojulikana sana: utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu za utafiti, uchanganuzi wa data, na hitimisho. Sura ya nne ndiyo inayobeba majedwali. Mtindo wake pia unajulikana: jedwali, kisha aya inayorudia kwa maneno yale ambayo jedwali limekwisha kuyasema kwa tarakimu, kisha jedwali jingine. Msomaji wa sura hiyo huambiwa kwamba asilimia fulani ya wahojiwa walikubali kwa nguvu na asilimia fulani walikataa kwa nguvu. Haambiwi kwamba waliulizwa kwa Kiswahili, wala ni Kiswahili gani. Watafsiri wawili, yaani yule aliyetafsiri swali na yule aliyetafsiri jibu, ambao mara nyingi ni mtu mmoja, wamefutika kabisa.

Mhakiki wa fasihi aliyepewa riwaya iliyotafsiriwa, isiyotaja jina la mtafsiri wala lugha ya awali, angeishuku mara moja. Angetaka kuiona matini ya asili kabla ya kutoa hukumu juu ya mtindo wa mwandishi. Hapana sababu ya msomaji wa takwimu kuwa na masharti mepesi kuliko hayo. Sura ya nne ni matini iliyotafsiriwa, hata kama tafsiri yake imevaa vazi la tarakimu.

3. "Sana", "kabisa" na upeo wa ukanushi

Kipimo kinachotumiwa zaidi na wanafunzi wa masoko ni kile kilichobuniwa na Rensis Likert, ambaye alikieleza mwaka 1932. Mhojiwa husomewa kauli, kwa mfano "Bei za duka hili ni nafuu", kisha huchagua ngazi moja kati ya tano, kuanzia kukubali kwa nguvu hadi kukataa kwa nguvu. Ngazi hizo hupewa tarakimu kuanzia 5 hadi 1. Msingi wa kipimo hiki ni mpangilio: ngazi ya 1 sharti iwe chini ya ngazi ya 2, na ngazi ya 2 iwe chini ya ngazi ya 3. Mpangilio huo ukivunjika, hakuna hesabu yoyote juu yake inayoweza kusimama.

Sasa hebu itazamwe tafsiri ambayo humjia kwa urahisi mtu anayefasiri neno kwa neno. Upande wa kukubali hupata "nakubali sana" na "nakubali". Upande wa kukataa hupata "sikubali" na "sikubali sana". Katika karatasi ngazi hizo huonekana zimekaa sawasawa, kama mizani yenye vitanga viwili. Lakini Kiswahili hakifanyi kazi hivyo. Kielezi "sana" kikifuata kitenzi kilichokanushwa, ukanushi hukiingiza kielezi hicho ndani ya upeo wake. Anayesema "sipendi sana chai" hasemi kwamba anaichukia chai; asema kwamba aipenda, ila kwa kiasi kidogo. Anayesema "sijui sana Kiluyia" ana Kiluyia cha kumwezesha kusalimu na kununua ndizi. Vivyo hivyo, "sikubali sana" kwa sikio la mzungumzaji ni kauli laini kuliko "sikubali". Kinachokanushwa ni wingi wa kukubali, na kukubali kwenyewe kwaweza kubaki.

Kielezi "kabisa" kina tabia nyingine. "Sikubali kabisa" haimaanishi kwamba nusu ya kukubali imebaki. Maana yake ni kwamba hapana kukubali hata chembe. Maneno haya mawili, ambayo katika kauli yakinishi hukaribiana kiasi cha kuweza kubadilishana, huachana njia mara tu kitenzi kinapokanushwa. Hili si jambo geni kwa mwanafunzi wa sintaksia. Ni geni kwa mwanafunzi wa masoko, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwambia kwamba sintaksia ni sehemu ya somo lake.

Athari yake katika hesabu yaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Tuseme wahojiwa ni 50. Waliosema "nakubali sana" ni 10, "nakubali" 10, wa katikati 5, "sikubali" 5, na "sikubali sana" 20. Kwa kufuata karatasi, jumla ni 50 na 40 na 15 na 10 na 20, yaani 135. Wastani ni 2.7. Mtafiti ataandika kwamba wateja, kwa jumla, hawaridhiki na bei. Lakini ikiwa wale 20 walikusudia kile ambacho sarufi ya Kiswahili inasema, basi wao ndio wa ngazi ya 2, na wale 5 waliosema "sikubali" bila kielezi ndio wa ngazi ya 1. Jumla huwa 50 na 40 na 15 na 40 na 5, yaani 150. Wastani ni 3.0, ambao ndio katikati hasa ya kipimo. Duka lililohukumiwa limeshindwa, kumbe wateja wake hawajaamua.

Hali halisi huwa ngumu zaidi ya mfano huo. Mhojiwa anayeisoma karatasi mwenyewe huongozwa na mahali: huona kwamba "sikubali sana" imewekwa mwisho kabisa wa safu, akaelewa kwamba yakusudiwa iwe ngazi ya mwisho. Mhojiwa anayesomewa kwa mdomo hana safu ya kuitazama. Ana sarufi yake tu. Basi katika sampuli moja, tarakimu 1 huweza kubeba maana mbili zinazopingana, kwa kutegemea nani alisoma na nani alisomewa. Kasoro ya namna hiyo haiwezi kurekebishwa baadaye kwa kubadilishana tarakimu. Na mara nyingi wanaosomewa ni wazee, ni wenye elimu ndogo, ni wauzaji wasioweza kuacha meza zao. Kosa la lugha kwa hiyo haliwaangukii watu wote kwa usawa, na mtafiti anayelinganisha makundi ya umri au ya elimu huweza kugundua "tofauti" ambayo kwa kweli ni tofauti ya kusoma na kusikia.

Huenda ikasemwa kwamba dawa ni kutumia kitenzi yakinishi, "nakataa kabisa" na "nakataa kiasi". Njia hiyo huondoa tatizo la upeo, lakini huleta jingine. "Sikubali" ni kunyima kibali. "Nakataa" ni kitendo cha kukataa. Kusema "nakataa" mbele ya kijana mgeni aliyekuja kwa heshima na salamu kwaweza kuonekana ukali, na mhojiwa mwenye adabu atakimbilia ngazi ya katikati. Njia bora kwa hojaji ya mdomo ni kuligawa swali mara mbili: kwanza, "Wakubaliana na maneno haya, au hukubaliani nayo?" Kisha, baada ya jibu, "Kabisa, au kwa kiasi?" Kila jibu la pili lina kielezi kilichosimama peke yake, nje ya upeo wa ukanushi, na ngazi zinajipanga zenyewe.

4. "Ndiyo" na ngazi ya katikati

Maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au siyo hudhaniwa kuwa mepesi kuliko yote. Hata hayo yana mtego. Muuzaji akiulizwa, "Je, hujawahi kukopa benki?", naye akajibu "Ndiyo", amekubaliana na ukanushi uliomo katika swali: ndiyo, hajawahi. Kiingereza katika mahali hapo hutumia neno la kukanusha. Mwanafunzi anayesikia kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huweza kutia alama katika kisanduku cha waliowahi kukopa. Jibu limegeuka kinyume chake, na wala hapana aliyesema uongo. Dawa yake ni rahisi: swali la hojaji lisikanushwe. Lakini dawa hiyo hutolewa tu na anayeujua ugonjwa.

Ngazi ya katikati nayo hutafsiriwa kwa namna tatu au nne: "sina hakika", "sijui", "niko katikati", "sina maoni". Hizi si kauli za maana moja. "Sijui" ni kukosa habari; mtu hajawahi kuitumia sabuni inayoulizwa. "Sina hakika" ni kuwa na habari isiyotosha. "Niko katikati" ni hukumu kamili: ameitumia, ameipima, akaona uzuri na ubaya wake unalingana. Kwa mtafiti wa masoko tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi. Wasiojua wanahitaji tangazo. Walio katikati wanahitaji sabuni bora. Kuwapa wote tarakimu 3 ni kuufuta uamuzi ambao mwenye biashara alikusudia kuufanya.

5. Saa na vipimo vya sokoni

Mbali na maoni, hojaji huuliza mambo yanayodhaniwa kuwa ni hesabu tupu: saa, uzito, bei. Mfanyabiashara wa Kakamega anayesema kwa Kiswahili kwamba hufungua duka saa mbili amekusudia saa mbili za asubuhi, ambazo katika fomu ya Kiingereza ni 8:00. Mwanafunzi aliyechoka akiandika 2:00, kosa hilo huenda likaonekana, kwa kuwa ni watu wachache wafunguao duka usiku wa manane. Lakini anayesema huzidiwa na wateja saa nane mchana, ikaandikwa 8:00, ameingizwa katika kundi la wenye wateja wa asubuhi, na hakuna atakayeshtuka, maana jibu hilo ni la kuaminika kabisa. Makosa ya hatari katika data ni yale yanayofanana na ukweli.

Uzito nao una lugha yake. Mahindi sokoni hupimwa kwa gorogoro, yaani kopo la kadiri ya kilo mbili, na kwa debe. Nyanya na mboga huuzwa kwa mafungu. Swali "Huuza kilo ngapi za nyanya kwa wiki?" humlazimisha muuzaji kukisia kipimo asichokitumia. Atatoa tarakimu, kwa kuwa ameombwa tarakimu. Programu ya kompyuta itaipokea na kuitolea wastani wenye desimali mbili, na desimali hizo zitampa msomaji imani ambayo muuzaji mwenyewe hakuwa nayo. Ingalikuwa afadhali kuuliza mafungu, kisha kuyapima mafungu machache kwa mizani hapo hapo sokoni.

6. Istilahi za darasani

Kasoro haziishii sokoni. Hata pale ambapo takwimu zinaelezwa kwa Kiswahili, baadhi ya istilahi zake zinamtatiza mwanafunzi. Tatu zinatosha kuonyesha jambo hili.

Ya kwanza ni "wastani". Neno hili limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya katikati, na Kiswahili cha kila siku kimeihifadhi maana hiyo: mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi. Wanatakwimu wamelitwaa kwa maana ya jumla iliyogawanywa kwa idadi. Chukua wauzaji kumi wa kubuni ambao mauzo yao ya siku kwa shilingi ni 400, 450, 500, 500, 550, 600, 600, 600, 800 na 5,000. Jumla ni 10,000, na wastani ni 1,000. Wauzaji tisa kati ya kumi wako chini ya wastani huo. Thamani iliyo katikati ya safu, baina ya wa tano na wa sita, ni 575. Mwenye benki akiambiwa kwamba "muuzaji wa wastani huuza shilingi 1,000", na akalisikia neno hilo kwa maana yake ya kawaida, atatoa mikopo ambayo wauzaji tisa hawataweza kuilipa. Istilahi imekwenda kwa kipimo kimoja, na maana ya neno imebaki kwa kipimo kingine. Haifai kuliondoa neno lililokwisha kukubalika. Lakini mwalimu hana budi kulifafanua, na thamani ya katikati sharti ipewe jina lake lenyewe na itajwe kila mara kando ya wastani.

Ya pili ni "muhimu", inaposemwa kwamba tofauti fulani ni "muhimu kitakwimu". R. A. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, ndiye aliyekieneza kipimo cha asilimia 5. Kipimo hicho huuliza jambo moja tu: kama kusingekuwa na tofauti yoyote, je, matokeo ya namna hii au zaidi yangetokea mara chache kuliko 5 kwa kila 100? Hakiulizi kama tofauti hiyo ina faida kwa mtu yeyote. Sampuli ikiwa kubwa, tofauti ya 4.1 na 4.2 huweza kukipita kipimo hicho, na mwenye duka asione sababu ya kubadili hata rangi ya mlango wake. Neno "muhimu" hutoa hukumu ya thamani ambayo hesabu haikuitoa. Wanaisimu wanalo neno linalofaa zaidi. Wasemapo kwamba /p/ na /b/ hutofautiana kwa sifa bainifu, kwa kuwa "pata" si "bata", wanasema tu kwamba tofauti hiyo yaweza kutambulikana na kutenganisha. Hawasemi kwamba ni njema au kubwa. "Tofauti bainifu" ingemfaa mwanatakwimu kwa sababu hiyo hiyo.

Ya tatu ni "idadi ya watu", inapotumiwa kwa jumla ya vitu vyote ambavyo sampuli imetolewa kwavyo. Wanafunzi wengi hutumia kanuni ya Yamane ya mwaka 1967, ambayo huigawa jumla hiyo kwa moja na zao lake na kipeo cha pili cha kosa linaloruhusiwa. Wenye maduka wakiwa 1,200 na kosa likiwa 0.05, jibu ni 300. Lakini anayeitafsiri jumla hiyo kuwa "idadi ya watu" huweza kuingiza watu 1,867,579 wa kaunti nzima, watoto wachanga wakiwamo, na kanuni ikampa takriban 400. Hakuna kitu kinachomwonya, kwa maana 400 ni tarakimu yenye heshima. Wapo waandishi waliokwisha kuacha usemi huo na kutumia "populesheni" au "kundi lengwa". La pili latosha, na ni jepesi kueleweka.

7. Hoja zinazopinga

Hoja tatu huweza kutolewa dhidi ya yaliyosemwa. Ya kwanza ni kwamba shahada hizi hutolewa kwa Kiingereza, basi Kiswahili hakina nafasi. Jibu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kujitwalia nafasi. Kimo ndani ya kila jibu lililotoka sokoni. Linaloweza kuamuliwa ni kama kitaingia kwa uangalifu au kwa kubahatisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na haielekei kwamba elimu ya takwimu ni kitu kisichohusika na urasmi huo.

Hoja ya pili ni kwamba sampuli kubwa huzama makosa madogo. Hoja hii ni ya kweli kwa makosa ya bahati, ambayo huelekea huku na huku na hatimaye kufutana. Si ya kweli kwa makosa yanayoelekea upande mmoja. Ikiwa kila anayesomewa "sikubali sana" analielewa kwa ulaini, wahojiwa 5,000 watatoa kosa lile lile la wahojiwa 50, ila tu wataliimarisha kwa mkengeuko mdogo na uhakika mkubwa.

Hoja ya tatu ni kwamba kuna vipimo vya kuhakiki uthabiti wa hojaji, na hapo hutajwa alfa ya Cronbach ya mwaka 1951. Alfa hupima kama maswali ya kipimo kimoja huenda pamoja. Maswali kumi yaliyotafsiriwa vibaya kwa namna moja huenda pamoja vizuri sana. Uthabiti si ukweli. Saa iliyosimama ni thabiti.

8. Hitimisho

Kazi iliyoko si ya idara za biashara peke yao. Mwanzilishi wa kipimo kimojawapo kinachotumiwa sana na wanafunzi hawa, William Gosset, alikitangaza mwaka 1908 kwa jina la kupanga la "Student" alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha pombe cha Guinness, Dublin, ambako sampuli zilikuwa chache na ilibidi kujua kiasi gani ziaminiwe. Takwimu za biashara zilikua kwa kutazama kwa makini kitu kilichokuwa mezani. Kilichoko mezani Kakamega ni maneno ya Kiswahili na ya Kiluyia.

Mambo manne yapendekezwa. Kwanza, kila tasnifu yenye data zilizokusanywa kwa Kiswahili iambatishe hojaji ya Kiswahili kama ilivyosomwa, na sura ya mbinu iseme ni wahojiwa wangapi waliohojiwa kwa lugha ipi. Pili, tafsiri ifanywe kabla ya kwenda sokoni, na mtu wa pili airudishe katika lugha ya awali bila kuiona, kama alivyopendekeza Richard Brislin mwaka 1970. Panapotokea tofauti, kauli iandikwe upya. Tatu, hojaji ijaribiwe kwa wauzaji wachache ambao hawataulizwa majibu yao tu, bali wataombwa kulirudia swali kwa maneno yao wenyewe. Anayesema "unaniuliza kama napenda kidogo" amekwisha kumfunza mtafiti upeo wa ukanushi. Nne, idara za Kiswahili zifundishe wanafunzi wa biashara, hata kwa majuma machache tu, sarufi ya kuuliza: ukanushi, vielezi vya kiasi, majibu ya ndiyo, na lugha ya saa na vipimo. Lahaja za Kiluyia zina taratibu zake za kukanusha na kusisitiza, ambazo zahitaji uchunguzi wa namna hiyo hiyo na wazungumzaji wake wenyewe.

Hasara ya kutofanya hivyo haimwangukii mwanafunzi, ambaye atapata shahada yake, wala msimamizi. Humwangukia yule mama wa mboga, aliyeacha wateja wawili wakingoja ili ajibu maswali ya kijana asiyemjua. Alisema "sikubali sana", akiwa na maana kwamba bidhaa hiyo haimfai vya kutosha lakini yaweza kutengenezwa. Karatasi iliandika kwamba ameikataa kwa nguvu zote, na kampuni iliyosoma karatasi hiyo haikurudi tena kumuuliza.